Dawa ya nyanya mgongoni mwa ng'ombe: uchambuzi wa kisa cha sumu Kibosho

Wanyama waliohusika ni wanne: ng'ombe wawili wa maziwa, mtamba mmoja na ndama dume aliyekuwa bado ananyonya. Wote ni chotara wa Friesian, wanafugwa ndani katika kihamba (shamba la migomba la nyumbani) kimoja cha Kibosho, juu ya mji wa Moshi. Jumamosi alasiri walipakwa dawa ya kupe. Kufikia alfajiri ya Jumapili ndama alikuwa ameshakufa, ng'ombe mmoja mwenye mimba yuko chini hainuki, na wawili waliobaki wanatetemeka huku mate yakiwatoka mfululizo. Dawa waliyopakwa haikuwa ya kupe. Ilikuwa ya nyanya.

Mimi ndiye daktari wa mifugo niliyeitwa, na nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu kila dalili iliyoonekana bandani asubuhi ile inaelezeka kwa jambo moja linalotokea mahali padogo mno, pale mshipa wa fahamu unapokutana na msuli au tezi. Anayelielewa jambo hilo anajua atibu nini kwanza, dalili ipi isimbabaishe, na ipi haitasubiri. Asiyelielewa atachoma sindano ya ndigana, na mnyama atakufa akiwa amemshikilia kamba.

Namna ilivyoanza

Babu mwenye kihamba alikuwa na sababu nzuri ya kuwachukia kupe. Mwaka uliotangulia alipoteza ng'ombe kwa ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe wa kahawia anayependa kujibanza masikioni. Josho la jirani lilikuwa halina dawa, na chupa ya dawa ya kuogeshea ilikuwa imepanda bei. Mjukuu wake analima nyanya kwenye shamba la chini, upande wa Kahe, na ameona kwa macho yake jinsi dawa anayopulizia inavyoangusha wadudu ndani ya muda mfupi. Akamimina kiasi kwenye chupa ya maji ya nusu lita, akapanda nayo kwa bodaboda.

Tulipokuja kukokotoa baadaye, hesabu ilituonyesha ukubwa wa tatizo. Kwenye nyanya kijana hutumia mililita 40 kwa bomba la lita 20. Dawa ina gramu 480 za klorpirifosi, ndiyo sumu yenyewe inayoua wadudu, kwa lita, kwa hiyo maji anayopulizia yanakuwa na kama gramu moja kwa kila lita. Nyumbani alimimina kama mililita 100 kwenye ndoo yenye lita 5 za maji, "ili ishike." Hiyo ni karibu gramu 10 kwa lita, mara kumi ya kile kinachopulizwa kwenye nyanya. Kisha akachovya kitambaa akapaka mgongo, ndani ya masikio, chini ya mkia, kwenye kiwele na katikati ya mapaja, yaani sehemu zile zile ambazo kupe hujificha na ambazo ngozi yake ni laini kuliko zote. Ng'ombe mmoja mkubwa alibeba zaidi ya gramu 10 za sumu yenyewe mwilini mwake. Dawa za aina hii huyeyushwa kwenye mafuta ya petroli ili zichanganyike na maji, na mafuta hayo husaidia sumu kupenya ngozi. Juu ya hapo, ng'ombe hujilamba na hulambana. Ndama alipakwa kidogo, lakini alinyonya kiwele kilichopakwa.

Nilichokuta bandani

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Wahi ndani, huyu mwenye mimba ananiondoka."

Harufu ilikuwa ya kwanza kunipokea, kali, ya mafuta yenye chembe ya kitunguu saumu. Ng'ombe anayekamuliwa, ambaye ndiye nitakayemzungumzia zaidi, alikuwa amesimama miguu ikiwa imetanuka na shingo imenyooshwa mbele. Mate yalishuka hadi kwenye nyasi bila kukatika. Machozi yalikuwa yamelowanisha mashavu. Mavi yalikuwa maji matupu, na alikuwa akikojoa kidogo kidogo kila mara. Kifua kilisikika majimaji pande zote mbili. Mapigo ya moyo yalikuwa 42 kwa dakika, ilhali ng'ombe mzima wa umri wake huwa kati ya 60 na 80. Joto lilikuwa 38.9, halina neno.

Nilimmulika jicho. Mboni ya ng'ombe imelala kwa ulalo, na bandani kwenye giza la alfajiri inatakiwa iwe pana. Yake ilikuwa uzi. Kisha nikaweka kiganja juu ya bega na kukiacha pale. Chini ya ngozi misuli ilikuwa inachezacheza vipande vipande, kila kipande kwa wakati wake, bila mguu kusogea. Mtetemeko wa baridi haufanyi hivyo, maana baridi hutikisa mwili mzima kwa pamoja.

Majirani walikuwa na majibu yao. Mmoja alisema kichaa cha mbwa kwa sababu ya mate, na ni vizuri watu wa Moshi wanakiogopa kichaa cha mbwa, ila hakiangushi wanyama wanne kwa usiku mmoja. Mwingine alisema ugonjwa wa midomo na miguu. Nikafungua mdomo: ulimi safi, fizi safi, kwato safi. Ndigana kali ingeleta homa ya 40 na zaidi, na mitoki chini ya sikio na mbele ya bega. Sikuikuta. Wanyama kadhaa wanapougua saa chache baada ya kupakwa kitu, mwenye kuchunguza aanze na hicho kitu.

Chupa ya maji haikuwa na lebo. Kijana alimpigia mwenzake aliyelala shambani, akapiga picha ya kopo lenyewe na kuituma kwa WhatsApp: ukanda wa njano, klorpirifosi. Picha ile ilitupunguzia kukisia kwingi.

Kinachotokea kati ya mshipa na msuli

Ubongo unapotaka msuli ujikunje, ujumbe unateremka kwenye mshipa wa fahamu kwa njia ya umeme. Mshipa haugusani na msuli. Kuna upenyo mwembamba usioonekana kwa macho. Ujumbe ukifika mwisho wa mshipa, chembe za kalsiamu zinaingia, na vifuko vidogo vinapasuka na kumwaga kemikali iitwayo asetilikolini ndani ya upenyo huo. Asetilikolini inashika vipokezi upande wa msuli, vipokezi vinafungua njia, sodiamu inaingia, msuli unajikunja.

Kazi ya pili ni kuiondoa asetilikolini, na ni muhimu sawa na ile ya kwanza. Katika upenyo ule ule kipo kimeng'enya, asetilikolinesterasi, kinachoikata asetilikolini vipande viwili: kolini, ambayo mshipa huivuta tena na kuitumia upya, na asetati. Ni miongoni mwa vimeng'enya vyenye kasi kubwa kuliko vyote vinavyojulikana. Molekuli moja yake hukata maelfu ya molekuli za asetilikolini kwa sekunde, na ndani ya kama elfu moja ya sekunde upenyo unakuwa mtupu, tayari kwa ujumbe mwingine.

Mtu wa Kibosho anayejua zamu za mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia vihamba, ataelewa haraka. Maji yanafunguliwa yaingie kihambani, na lazima awepo mtu wa kuziba mlango wa mfereji zamu ikiisha. Mwondoe huyo mtu, na maji yataendelea kuingia hadi migomba isimame kwenye dimbwi. Klorpirifosi haiongezi maji. Inamwondoa anayeziba.

Inafanyaje? Ndani ya kimeng'enya kuna kona moja ndogo ambako kazi ya kukata hufanyika, na katika kona hiyo ipo serini, mojawapo ya asidi amino zinazokijenga. Sumu za kundi la organofosfeti, ambamo klorpirifosi imo, hujibandika kwenye serini hiyo na hazibanduki. Klorpirifosi yenyewe ikiwa koponi haina nguvu kubwa ya kufanya hivyo. Ini la mnyama, likijaribu kuisafisha, hung'oa chembe ya salfa na kuweka oksijeni, na kile kinachotoka, klorpirifosi-oksoni, ndicho chenye makali. Ndiyo maana ng'ombe wa babu walionekana wazima Jumamosi jioni, wakala majani, na kuanza kuharibikiwa usiku.

Asetilikolini hutumika sehemu nyingi za mwili, na vipokezi vyake ni vya aina mbili. Tofauti hii ndiyo iliyoongoza tiba yote. Kwenye tezi za mate na machozi, utumbo, kibofu, moyo, mboni na njia za hewa vipo vipokezi vya muskarini. Vikipigwa bila kupumzishwa, mate na machozi yanamwagika, tumbo linaharisha, mkojo unatoka, moyo unapungua kasi, mboni inakaza, mirija ya hewa inabana na kujaa ute. Kwenye misuli ya kutembelea na kupumulia vipo vipokezi vya nikotini. Hivi vikipigwa mfululizo, msuli kwanza unachezacheza vipande vipande, ndicho kile nilichokisikia chini ya kiganja. Baadaye utando wa msuli unabaki umefunguka, hauwezi kujiandaa kwa ujumbe unaofuata, na msuli unalegea kabisa. Katika ubongo aina zote mbili zipo, na huko yanatoka mahangaiko, degedege, na hatimaye kituo cha kupumua kunyamaza.

Kwa hiyo mnyama hubanwa pumzi kwa njia tatu kwa wakati mmoja: mapafu yanajaa ute na kubana, kiwambo kinachosukuma pumzi kinalegea, na ubongo unaacha kutoa amri. Kinachoua ni kukosa pumzi. Kuhara kunachafua banda na kumtisha mwenye mifugo, lakini si kuhara kunakomuua ng'ombe usiku ule.

Kuna jambo ambalo wauza dawa na wakulima wengi hawajaelezwa. Mdudu anatumia asetilikolini ndani ya ubongo wake tu, wakati misuli yake inaamrishwa na kemikali nyingine, glutamati. Ng'ombe anaitumia kote, kwenye ubongo, kwenye tezi na kwenye kila msuli anaosimamia. Sumu inayomlenga mdudu mahali pamoja inamkuta ng'ombe mahali pengi. Maneno "inaua wadudu tu" hayana msingi wowote katika kundi hili la sumu. Kinachomwokoa mnyama mkubwa ni kiasi alichopata, na wakati mwingine vimeng'enya vya damu na ini vinavyoivunja sumu kabla haijafika mbali. Malathioni, kwa mfano, haina makali makubwa kwa ng'ombe kwa sababu hiyo.

Na ukoo wa sumu hizi si wa kuuchukulia kwa wepesi. Mkemia Mjerumani Gerhard Schrader alikuwa anatafuta dawa ya wadudu alipotengeneza tabuni mwaka 1936, na sarini ikafuata mwaka 1938. Zote mbili zikachukuliwa na jeshi kuwa silaha. Zile za kivita zina makali yasiyolinganishwa na ya kopo la nyanya, lakini zinajibandika kwenye kona ile ile ya kimeng'enya kile kile, na tiba yake inaanza na dawa ile ile.

Atropini, maji na sabuni

Dawa hiyo ni atropini. Inakaa juu ya vipokezi vya muskarini na kuvifunika, asetilikolini iliyozagaa isiweze kuvipiga. Haigusi kimeng'enya, haigusi sumu, haigusi vipokezi vya nikotini. Mtu akiyashika haya matatu hawezi kupotea.

Mtamba ndiye aliyekuwa na nafuu, kwa hiyo kwake nilijaribu kwanza dozi ndogo, miligramu 0.02 kwa kilo ya uzito. Ng'ombe asiye na sumu akipewa kiasi hicho moyo unakwenda mbio na mdomo unakauka ndani ya robo saa. Kwake hakuna kilichobadilika. Mwili uliokuwa umezama kwenye asetilikolini ulikuwa umeimeza dozi ile bila kuihisi, nami nikawa na uhakika wa ninachotibu.

Ng'ombe anayekamuliwa nilimkadiria kilo 380. Kwa miligramu 0.25 kwa kilo anahitaji miligramu 95. Vichupa vya atropini vinavyotumika kwa binadamu huwa na miligramu moja, maana yake ningevunja vichupa 95 kwa ng'ombe mmoja, kwa dozi ya kwanza tu. Nawaomba wenzangu wa vijijini walipime hilo kabla hawajapigiwa simu ya usiku. Mimi nilikuwa na chupa ya mifugo yenye miligramu 10 kwa mililita. Mililita 2.4 ziliingia polepole kwenye mshipa wa shingo, zilizobaki chini ya ngozi.

Kuosha kulianza sambamba na sindano, glavu mikononi. Maji baridi kiasi, sabuni ya kipande, kuosha kwa kiganja bila kusugua kwa brashi, kwa sababu ngozi iliyochubuka inanyonya zaidi, na maji ya moto hupanua mishipa ya ngozi. Vijana walitaka kumsogeza ng'ombe karibu na mfongo ili maji yasiwe mbali. Nilikataa kabisa. Mfongo ule unakwenda kwa watu wa chini, wanaoga, wanapikia, na sumu hii inaua samaki kwa kiasi kidogo sana. Tulichota kwa ndoo, tukamwosha juu ya udongo mkavu nyuma ya banda, mbali na mfereji.

Baada ya kama robo saa mate yalikuwa yamekatika. Kifua kilifunguka, sauti ya majimaji ikapungua hadi ikabaki chini tu. Moyo ukapanda hadi 70. Babu akamtazama ng'ombe, akanitazama mimi.

"Daktari, mbona bado anatetemeka? Mwongeze basi."

Hapa ndipo tiba nyingi za sumu hii zinapoharibikia, na kwa nia njema kabisa. Mtetemeko ule ni wa nikotini. Atropini haiufikii hata ukimwaga chupa nzima. Kipimo cha atropini ni kifua kikavu na moyo uliorudi kwenye kasi yake. Mboni huchelewa kufunguka, nayo si kipimo. Ukiendelea kuchoma kwa sababu ya mtetemeko, ng'ombe anakulipa kwa njia nyingine: tumbo kubwa linasimama, gesi inajaa ubavu wa kushoto, na unakuwa umemwongezea ugonjwa wa pili. Nilimweleza babu hivyo, kwa maneno ya mfongo yale yale, naye akaelewa. Kila nilipofikiria kurudia dozi nilisikiliza kifua kwanza, kisha ubavu wa kushoto.

Dawa inayofika kwenye kimeng'enya chenyewe ni pralidoksimu, iliyopatikana miaka ya 1950. Inaibandua sumu kutoka kwenye serini na kukirudishia kimeng'enya kazi yake, misuli ikiwemo. Lakini ina muda wake. Sumu ikishajibandika, baada ya saa kadhaa inadondosha kipande chake kimoja na kujikaza moja kwa moja, na hapo pralidoksimu haina la kufanya. Kwenye kimeng'enya cha binadamu, jamii ya klorpirifosi huchukua kama saa 33 nusu yake kujikaza hivyo. Jamii ya malathioni na diklovosi huchukua chini ya saa 4. Kwa hiyo tulikuwa bado ndani ya muda. Dawa yenyewe haikuwepo katika duka lolote nililopigia Jumapili ile. Tukabaki na atropini na sabuni.

Kabla sijafika, ng'ombe alikuwa amenyweshwa maziwa na mafuta ya kula. Najua ni desturi na inafanywa kwa upendo. Maziwa hayazuii sumu iliyo kwenye ngozi. Ng'ombe ambaye koo lake halimezi vizuri ukimnywesha kwa chupa unampelekea maziwa mapafuni, na mafuta yanaweza kuisaidia sumu iliyo tumboni kuingia mwilini. Mkaa wa dawa ungefaa kwa kile alichokilamba, ila ng'ombe wa uzito ule anahitaji karibu nusu kilo au zaidi, na mkaa wa jikoni uliosagwa hauna uwezo huo.

Jioni mate yalirudi. Nilipomchunguza nikasikia ile harufu katika shungi la mkia na kwenye mkunjo kati ya kiwele na paja, mahali ambapo vijana walipitisha mkono haraka asubuhi. Klorpirifosi inapenda mafuta, inakaa kwenye manyoya na ngozi na kuendelea kuingia. Tuliyanyoa manyoya ya mkia, tukaosha upya, nikarudia atropini kwa nusu ya dozi.

Nyama

Ng'ombe mwenye mimba hakupata bahati hiyo. Nilipofika alikuwa amelala ubavu, ufizi umegeuka bluu, pumzi ni za kuvizia. Alikuwa wa kwanza kuchomwa atropini, ute ukapungua, lakini kiwambo chake kilikuwa kimeshalegea na hakuna mashine ya kumpumulia ng'ombe bandani Kibosho.

Watu waliokuwa wanatoka misa ya kwanza walishaanza kukusanyika getini. Ushauri ukatoka pande zote: achinjwe sasa hivi, kabla hajafa, nyama isipotee. Mmoja alishafuata kisu. Sitawalaumu. Ng'ombe yule ni ada ya shule ya mtu, na kumzika mnyama mwenye mwili ule kunauma. Lakini niliwaambia wazi kwamba sumu iko kwenye ngozi ambayo mchinjaji ataishika kwa mikono mitupu, iko tumboni, iko kwenye ini, na klorpirifosi inajificha kwenye mafuta, ambayo ndiyo wengi wanayapenda. Kuchemsha hakuwezi kuaminiwa kuiondoa. Hata mbwa hapaswi kupewa utumbo wake. Mtu akila nyama ile jioni na kuanza kutokwa mate usiku, hatakuwepo wa kumwosha.

Ukimya ulikuwa mrefu. Babu ndiye aliyeumaliza: "Chimbeni."

Alikufa kabla shimo halijafika kiunoni. Ndama alizikwa naye, na ngozi zote mbili zilizikwa bila kuchunwa. Kabla ya hapo nilichukua sampuli: nusu ya ubongo, kipande cha ini, kilichokuwa tumboni, na manyoya ya mgongoni, kila kimoja kwenye chombo chake, vyote kwenye boksi la barafu. Kwa ng'ombe waliobaki nilitoa damu, na nikatoa pia damu ya ng'ombe mzima wa jirani wa umri na aina ile ile, ili maabara iwe na cha kulinganisha. Namba ya kimeng'enya bila ya kulinganisha nayo haisemi mengi.

Kijana

Katikati ya hekaheka hizi niliona kwamba mjukuu amekaa kwenye kigogo, ameinamisha kichwa, anatema mate. Nilimuuliza. Kichwa kilimuuma tangu usiku, tumbo linasokota, jasho linamtoka, na macho hayaoni mbali vizuri. Alipaka dawa bila glavu, akafuta mikono kwenye suruali, akalala na suruali hiyo.

Kimeng'enya chake ni kile kile. Alivuliwa nguo, akaoga kwa sabuni hadi kwenye kucha na nywele, nguo zikafungwa kwenye mfuko, na akapelekwa hospitali pamoja na picha ya lebo. Picha hiyo ni muhimu kuliko maelezo yoyote, kwa sababu daktari wa watu naye anahitaji kujua kama ni organofosfeti, kabamati (kundi jingine la sumu za wadudu) au kitu kingine kabisa. Alilazwa kuangaliwa, akaruhusiwa akiwa mzima.

Siku zilizofuata

Mtamba alikuwa anakula Jumatatu. Ng'ombe anayekamuliwa alitupa wasiwasi mwingine. Mate yalikuwa yamekwisha, mboni zimefunguka, kuhara kumekoma, kisha siku ya tatu shingo ikalegea. Kichwa kilining'inia, na kila akijaribu kuamka mabega yalimwangusha. Kwa binadamu hali hii ilielezwa rasmi mwaka 1987 na madaktari wa Sri Lanka: udhaifu wa shingo, mabega na misuli ya kupumulia unaokuja kati ya siku ya kwanza na ya nne, baada ya dalili za mwanzo kupita. Huonekana kwa mifugo pia. Atropini haina kazi hapo. Kazi inakuwa ya mikono: kumweka alalie kifua na si ubavu, kumgeuza kila baada ya saa chache, maji kwenye beseni mbele ya mdomo, majani laini ayafikie mwenyewe bila kulishwa kwa nguvu, na kuhesabu pumzi zake. Mama wa nyumba hiyo alifanya hayo mchana na usiku kwa uangalifu ambao wodi nyingi zingeutamani. Shingo ikarudi taratibu. Ndani ya wiki alikuwa amesimama.

Alikuwa pia kwenye zamu ya dawa ya minyoo, na babu alishanunua levamisoli. Tuliiahirisha. Levamisoli inaua minyoo kwa kupiga vipokezi vya nikotini, na kumpa ng'ombe ambaye misuli yake bado inapigana na asetilikolini ni kumrudisha chini. Maziwa yalimwagwa shimoni, hayakupewa mbwa wala nguruwe, hadi sampuli ilipotoka safi.

Majibu ya maabara yalionyesha klorpirifosi kwenye manyoya na kwenye kilichokuwa tumboni. Kimeng'enya kwenye damu ya ng'ombe anayekamuliwa kilikuwa chini ya robo ya kile cha ng'ombe wa jirani. Chini ya nusu tu kungetosha kutuambia kwamba sumu imeingia. Kwa ng'ombe, sehemu kubwa ya kimeng'enya cha damu imo kwenye chembe nyekundu, na chembe hazikirekebishi kilichoharibika. Zinasubiri kufa na nafasi yake kuchukuliwa na mpya, na chembe nyekundu ya ng'ombe huishi miezi kadhaa.

Kwa sababu hiyo, mpango wa kupe wa banda lile umebadilika wote. Dawa yoyote ya organofosfeti imepigwa marufuku kwao kwa miezi hiyo, hata ile halali ya josho, kwa kuwa dozi ambayo ng'ombe mwingine angeivumilia inaweza kumuua huyu mwenye akiba ndogo. Wanaogeshwa kwa amitrazi, ambayo haigusi asetilikolinesterasi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye lebo, bomba likiwa lake peke yake na halitoki bandani. Masikio yanakaguliwa kwa mkono kila Jumamosi.

Klorpirifosi yenyewe ilinyimwa kibali Umoja wa Ulaya mwaka 2020, na Mei 2025 nchi za Mkataba wa Stockholm zilikubali kuiingiza kwenye orodha ya kemikali za kuondolewa, zikiacha matumizi kadhaa kwa muda. Makopo yaliyopo mashambani yataendelea kuwepo kwa misimu kadhaa, na mengine ya kundi hilo hayamo kwenye orodha hiyo. Babu ameweka sharti nyumbani kwake kwamba hakuna dawa ya shamba inayopanda mlimani, na chupa za maji tupu zinatobolewa kabla ya kutupwa. Kipimo cha pili cha damu, kilichochukuliwa wiki kadhaa baadaye, kilikuta kimeng'enya cha ng'ombe yule hakijafika hata nusu ya kile cha jirani, ingawa alikuwa anakula na kukamuliwa na hakuna aliyemtazama angejua. Cha tatu kitachukuliwa kabla hajarudishwa kwenye josho la kijiji.